Shajara ya mradi: mwanga, vivuli na tundu la bati letu

Jumatatu, Januari 29

Naanza kuandika leo kabla sijasahau, maana mwaka jana nilifundisha hii mada ya mwanga na ilipofika mwezi wa sita sikukumbuka hata nilifanya nini. Darasa la tano, watoto 87, shule ipo pembezoni mwa jiji la Dodoma, umeme darasani hamna, zana za kufundishia ni zile nitakazookota mwenyewe. Kwenye azimio la kazi nimeipa wiki mbili. Tuone.

Nilianza bila kuandika kitu ubaoni, nikauliza tu, kivuli ni nini? Aisee. Mmoja akasema ni rangi nyeusi inayotoka mwilini ukipata joto. Mwingine ni roho. Wa tatu akasema kivuli ni pale chini ya mwembe wanapokaa walimu, na hapo darasa zima likamkubalia, na kusema kweli hajakosea maana tunasema "kaa kivulini" kila siku. Halafu binti mmoja wa dawati la mbele akasema kivuli ni kile baba yake alienda kutoa stesheneri, kivuli cha cheti. Nikacheka mpaka nikashika meza. Lakini ni kweli jamani, tangazo la kazi linaandika "ambatanisha vivuli vya vyeti", mtoto afanyeje? Na wengi wanaita kivuli ile sura yao wanayoiona kwenye kioo au kwenye ndoo ya maji.

Kwa hiyo kabla ya sayansi nina kazi ya neno lenyewe. Nikawatoa nje, kila mtu asimame, atazame chini, amwambie jirani yake kama kivuli chake kina macho. Hakina. Kioo kina? Kinayo. Basi tukaanzia hapo, kivuli ni mahali mwanga ulipozuiwa usifike, kinachoonekana kwenye kioo ni taswira, mwanga umefika ukarudishwa. Kile cha stesheneri tumekiacha pembeni kwanza.

Alhamisi, Februari 1

Leo ilikuwa vitu vinavyopitisha mwanga na visivyopitisha. Nimetumia tochi ya simu yangu, chaji ikaisha kipindi cha pili kikiwa katikati, nimejifunza. Walileta vitu kutoka nyumbani: chupa ya maji, mfuniko wa sufuria, kipande cha chandarua, jani la mpapai, nailoni ya mkate. Kilichowashangaza ni karatasi ya maandazi. Ukichukua karatasi kavu na ile iliyolowa mafuta zikatoka daftari moja, ile ya mafuta inapitisha mwanga zaidi. Wakaanza kupaka mafuta ya kujipaka kwenye kila karatasi wanayoiona, mmoja akapaka kwenye daftari la hisabati. Mama yake nitaongea naye.

Jumatatu, Februari 5

Jaribio la mti. Kila mtu analifanya, chomeka mti, weka alama ya kivuli kila saa. Nimechukua fimbo iliyonyooka ya mita moja kamili, nikaisimamisha kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, na kuna fundi mwashi anajenga choo cha wasichana, nikamwomba timazi tuhakikishe fimbo imesimama wima. Akaja mwenyewe kupima, akakaa kabisa kuangalia tunafanya nini. Zamu za kupima nimegawa kwa makundi.

Saa 4 asubuhi kivuli sentimita 93, kimelala magharibi. Saa 6 kamili sentimita 28 na nusu.

Sasa hapa ndo shida ilipoanzia. Kwenye andalio langu la somo, lile ninalolikopi toka mwaka juzi, nimeandika wazi kabisa "saa sita mchana jua huwa la utosi na kivuli huwa kifupi kuliko saa zote". Nikawa nimeshawaambia kabisa asubuhi. Kengele ya saa sita na nusu ikalia, watoto wakatawanyika, kundi moja likabaki nje kwa sababu yule kiongozi wao ni mbishi, hataki kuacha kitu njiani. Wakaja mbio ofisini, mwalimu, kivuli bado kinapungua! Nikasema haiwezekani mmesogeza kopo. Wakasema hatujagusa. Nikatoka mwenyewe. Saa 6:40 kikawa kimepungua tena, saa 6:50 sentimita 17 na kitu hivi, halafu saa 7 ndo kikaanza kurefuka kidogo kidogo, na saa 7:30 kikafika 24.

Yaani kivuli kifupi cha siku hatukukipata saa sita, tumekipata saa saba kasoro kama dakika kumi hivi. Na pia hata hapo kwenye ufupi wake hakikuingia chini ya fimbo, kimebaki sentimita 17 na kimelala kaskazini. Sio magharibi sio mashariki, kaskazini, tumepima na mlango wa kanisa tunaoujua uelekeo wake.

Nimewaambia nitajibu kesho. Sina jibu.

Jumanne, Februari 6

Jibu nimelipata usiku, imebidi nikae na atlasi ya shule na karatasi. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao unapita karibu na Mogadishu. Sisi Dodoma tuko kwenye kama digrii 36. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo digrii tisa ni dakika 36, jua linafika kwetu limechelewa dakika 36 ukilinganisha na saa ya mkononi. Juu ya hapo Februari jua lenyewe linachelewa tena dakika 14 hivi, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua sio duara kamili na dunia yenyewe imeinama. 36 na 14 ni 50. Saa 6:50. Ndo hicho kitu watoto wamepima kwa rula ya plastiki iliyokatika ncha!

Nimefundisha miaka sita "saa sita kamili kivuli kifupi" na sikuwahi kutoka nje na saa kuangalia.

Darasani nikasema jana mimi ndo nilikosea, fimbo iko sahihi. Walishangilia kupita kiasi, sikupenda ile sana. Lakini kilichofuata nakiandika ili kisipotee. Kijana mmoja mkimya anayekaa dirishani akanyoosha mkono akasema, mwalimu mbona sisi tunajua, adhuhuri inaingia saa saba kasoro, ustadhi ametuambia ni mpaka jua lipinduke. Akasema na alasiri wanajua kwa kivuli, kivuli cha kitu kikilingana na urefu wa kitu chenyewe, ukitoa kile kidogo cha adhuhuri. Darasa kimya. Amekaa na hilo jibu toka jana mtoto wa watu wala sikumuuliza.

Nimempa kazi ya nyumbani peke yake, apime alasiri.

Jumatano, Februari 7

Tundu. Hii haikuwa kwenye mpango kabisa.

Bati la darasa letu lina tundu la msumari, safu ya tatu toka mlangoni. Mvua ikinyesha linadondosha, ndoo tunaiweka pale. Leo nikiwa naandika ubaoni nikasikia vurugu, nageuka nakuta watoto wanagombania doa la mwanga sakafuni, kila mmoja anaweka kiganja chake doa liingie. Nikataka kufoka. Halafu nikaangalia lile doa. Ni duara kabisa, kubwa kama kizibo cha soda. Lile tundu juu sio duara, fundi aliyepiga ule msumari alikosea akachana bati, limekaa kama mdomo wa ndege.

Nikawauliza, tundu limechanika doa limekuwaje duara? Mmoja akajibu kwa sababu mwanga ni duara. Mwingine akasema kwa sababu jua ni duara, wenzake wakamzomea. Sikusema nani yuko sawa, hii najisifu, kawaida yangu nashindwa kunyamaza.

Tukatoka na kadibodi. Nimetoboa tundu la pembetatu, dogo, kama nusu sentimita. Ukiishika kadibodi karibu na ardhi, mwanga chini ni pembetatu. Ukiipandisha taratibu, pembe zinaanza kupotea, ukifika usawa wa kifua imeshakuwa kama duara, na mrefu wao alipopanda juu ya dawati akainyoosha mkono ikawa duara safi. Wakarudia mara kumi. Tundu la mraba, duara. Tundu la nyota (alitoboa mbaya lakini tuseme nyota), duara. Yule aliyezomewa akawa anatembea kama mbunge.

Ile ni picha ya jua. Mwanga unanyooka, kila nukta ya jua inapitisha mwanga wake kwenye tundu na kwenda kutua sehemu yake, ukiwa mbali ya kutosha unaona umbo la jua sio umbo la tundu. Nenda chini ya mwembe saa saba mchana angalia yale madoa, ni maduara yamepandana, na mapengo ya majani hayana umbo lolote la maana. Miaka yote nakaa pale na chai yangu.

Onyo nimelitoa na nalirudia kila siku: hakuna kuangalia jua lenyewe kupitia tundu lolote, tunaangalia chini tu. Nimewatisha kidogo ila heri watishike.

Ijumaa, Februari 9

Doa linatembea. Kama upana wa kidole kila dakika, kutoka upande wa magharibi kwenda mashariki, kinyume cha jua. Ukikaa kimya unaliona kwa macho likihama. Watoto 87 wamekaa kimya dakika tano wanaangalia sakafu, mwalimu mwenzangu wa darasa la nne akachungulia akadhani nimewapa adhabu.

Wazo la leo: tuweke alama pale doa lilipo saa 6:50 kila Jumatatu, tuone linakwenda wapi.

Jumatatu, Februari 12

Fimbo saa 6:50: sentimita 13 na nusu. Wiki iliyopita 17. Kimepungua, na bado kinalala kaskazini.

Fundi wa choo akaja na timazi yake tena, safari hii hajaombwa. Akapanda juu ya meza, akagusisha uzi kwenye tundu, timazi ikashuka mpaka sakafuni, tukapata nukta iliyo chini ya tundu kabisa. Toka sakafuni mpaka batini ni mita tatu, pungufu kidogo. Tukachora X. Doa la saa 6:50 liko sentimita 40 kaskazini ya X. Nikachora kwa chaki alama ya kwanza.

Jumanne, Februari 13

Wa zamu ya usafi wamepiga deki. X hamna, alama hamna. Walisafisha vizuri kweli.

Nikatumia rangi ya kucha. Nyekundu. Fundi akarudia kupima, anacheka tu. Kama kuna mtu atanifikishia kwa mwalimu mkuu kwamba nimepaka sakafu ya serikali rangi ya kucha basi iwe hivyo.

Alhamisi, Februari 15

Wiki mbili zangu zimeisha na sijamaliza hata nusu ya nilichopanga, nimeongeza wiki moja.

Makopo. Kopo la maziwa ya unga, tundu la pini chini, mdomoni karatasi iliyopakwa mafuta (zile karatasi za Februari 1 zikapata kazi), halafu unajifunika kanga kichwani ili giza liingie. Unageuzia tundu kwenye kitu chenye mwanga mwingi. Tukaelekeza kwenye mlingoti wa bendera, na pale kwenye karatasi bendera ikaonekana ndogo, ina rangi zake zote, imepinduka kichwa chini. Kelele zilizopigwa pale! Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, mwalimu, kupindua bendera sio kosa? Nikamwambia waliopinduka ni miale ya mwanga, yeye hana hatia.

Kwa nini imepinduka: mwanga wa juu ya mlingoti ukinyooka kupita katundu kadogo hauna pa kwenda ila chini, wa chini unakwenda juu. Nilitumia nyuzi mbili za rangi tofauti zikipishana kwenye tundu la kadibodi, wakaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Makopo yalikuwa 6 kwa watoto 87, foleni ndefu mpaka kipindi cha Kiswahili kikaliwa. Samahani mwalimu wa Kiswahili, najua unasoma.

Jumatatu, Februari 19

Fimbo: 9 na kidogo. Doa: 28 toka X.

Yule mbishi amechora mstari wa alama kwenye daftari, 17, 13 na nusu, 9, akasema mwalimu Jumatatu ijayo itakuwa 5 na inayofuata itakuwa sifuri. Sikumwambia yeyote afanye hivyo. Nikaenda kuhakikisha kwa hesabu zangu, latitudo yetu ni digrii 6 na kidogo kusini, na jua kwa sasa linatoka kusini linapanda kaskazini kila siku kidogo. Siku litakapofika juu ya digrii 6 kusini litakuwa utosini kwetu kabisa. Machi 4. Jumatatu!

Songea wao wako kusini zaidi, wanalipata wiki hii hii, tarehe 21 hivi. Linapita juu ya nchi kutoka kusini kwenda kaskazini kama basi linalopita vituo.

Ijumaa, Februari 23

Mwalimu mkuu ameita kikao kifupi. Habari njema kwa wote ila mimi: bati limepatikana na fundi atakuja kuziba matundu ya darasa la tano, maana mvua za Machi zinakuja na wazazi wamelalamika watoto wanalowa. Lini? Jumamosi ya Machi 2.

Nikanyoosha mkono. Nikasema naomba lisizibwe mpaka tarehe 5. Akaniuliza kwa nini, mbele ya walimu wote, na mimi sina namna ya kueleza kwa kifupi kwamba tunasubiri jua lifike kwenye rangi yangu ya kucha. Nikasema ni zana ya kufundishia. Mwalimu mmoja wa kiume akakohoa ile ya kucheka. Mkuu akaniangalia muda kidogo, akasema haya, Jumamosi ya tarehe 9, ila ndoo ni ya kwako.

Jumatatu, Februari 26

Fimbo karibu 5 kama yule mbishi alivyosema, sasa ameanza kutabiri na matokeo ya mpira. Doa: kama 15 toka X. Wingu lilikuwa linapita pita tukapata kwa bahati.

Nimempigia shoga yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, anafundisha Arusha, nikamwomba naye asimamishe fimbo ya mita moja. Akanijibu kwa voisi ya dakika nne, tatu na nusu ni umbea wa watu wa chuo, mwishoni akasema sawa atafanya.

Jumatatu, Machi 4

Asubuhi jua kali. Saa 4 jua kali. Nikafurahi, nikamwita hadi mwalimu wa darasa la nne alete watoto wake waje wasimame dirishani. Saa 6 mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Saa 6:30 giza.

Tulikaa. Watoto wamezunguka X wameacha nafasi katikati kama wanasubiri mtu acheze ngoma. 6:40. 6:45. Hamna doa. Saa 6:49, na hii siongezi chumvi kwa sababu niliishika saa mkononi, mvua ikaanza kupiga bati, na tone la kwanza likapita kwenye tundu likaanguka juu ya X. Tap. La pili hapo hapo. Wakalipuka kwa kicheko, hata mimi. Yule binti wa kivuli cha cheti akasema, mwalimu kumbe maji nayo yananyooka!

Nikaleta ndoo yangu.

Jumanne, Machi 5

Leo kumekucha kumeoshwa, hakuna hata wingu. Nilijua tumechelewa siku moja ila siku moja jua linasogea kama theluthi moja ya digrii tu na zaidi kidogo, kwa hiyo sikukata tamaa.

Saa 6:30 nikawapanga nusu ndani nusu nje, wabadilishane kila dakika tano. Nje fimbo kivuli chake kinaingia ndani ya kopo, kinaingia, mpaka ikabidi tutoe fimbo kwenye kopo na fundi aishike kwa timazi juu ya sakafu ya kibaraza. Saa 6:49 kilichobaki ni kama milimita 6 au 7, unene wa penseli, na kimehamia upande wa KUSINI. Mwezi mzima kimelala kaskazini. Watoto waliosimama pembeni wakaanza kuangalia vya kwao, kila mmoja kakanyaga chake, kichwa na mabega vimemwagika chini ya miguu. Wakaanza kuruka wakione kikitoka. Mmoja akasema sina kivuli, nimekufa, akalala chini, na alipolala kikarudi kirefu upana wake wote.

Ndani doa lilikuja toka magharibi taratibu, likapita pembeni ya X upande wa kusini, ukingo wake ukagusa rangi ya kucha. Nyekundu ikang'aa. Ilidumu kama dakika mbili likaendelea na safari yake chini ya madawati. Hakuna aliyepiga kelele hapo, sijui kwa nini.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, aliangalia juu, akaangalia chini, akaondoka.

Jioni shoga wa Arusha: fimbo yake saa 6:45 sentimita 4 na kidogo, kaskazini. Wao bado hawajafikiwa.

Jumatano, Machi 6

Yule kijana wa dirishani kaleta kazi yake, imeandikwa vizuri na rula. Jana fimbo yake ya nyumbani, sentimita 50, kivuli kililingana nayo saa 9:49 alasiri, na ustadhi akaja kuangalia. Saa 6:49 ongeza saa tatu. Nikawaeleza kwa nini imetimia tatu kamili: digrii 15 kila saa, saa tatu digrii 45, na pembe ya digrii 45 fimbo na kivuli ni sawasawa, ila hii inakubali hivi siku jua limepita utosini tu. Watano hivi ndo walionielewa. Yeye mmojawapo.

Jumatatu, Machi 11

Arusha leo hawana kivuli. Shoga kanitumia picha, miguu ya watoto na viatu tu. Sisi fimbo yetu imeshafika karibu sentimita 5, kusini.

Nyumbani usiku nikacheza na hiyo 5. Nimechora pembetatu sakafuni, mita moja kwa sentimita 5, nikapima pembe kwa kipimapembe, karibu digrii 3. Kwenye ramani ya ukutani toka mstari wa Dodoma mpaka wa Arusha, kaskazini moja kwa moja sio kwa kufuata barabara, nikapata kama kilomita 310. Arusha jua liko utosini na kwetu limepishana na utosi kwa digrii 3, maana yake toka sisi mpaka wao dunia imejipinda digrii 3, nazo zinaingia mara 120 kwenye 360. Mara 310, ni kilomita 37,200. Mzunguko wa dunia ni kama 40,000. Mgiriki Eratosthenes alifanya hivi hivi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia Alexandria na Aswan, sisi tumetumia Dodoma na Arusha na fimbo mbili na umbea. Nimeshindwa kulala.

Kesho nitawaambia, kwa lugha gani sijui bado. Labda kwa chungwa na njiti mbili.

Jumatatu, Machi 18

Nilisahau kuandika kwamba fundi wa bati alikuja tarehe 9 kama ilivyopangwa. Kazi safi, lami na kiraka, mvua ya Alhamisi hatukuona tone. Ndoo nimerudisha nyumbani. Watoto wiki nzima walikuwa wanaangalia pale kwenye X kwa kuiba, wanajua hamna kitu ila wanaangalia.

Leo niko katikati ya mada ya sauti, nimeshawapa makopo na nyuzi, mara vurugu nyuma kabisa safu ya sita. Nikaenda. Kuna doa la mwanga sakafuni, duara, kama kizibo. Inaonekana fundi alipokuwa anatembea juu amepigilia msumari mahali ukakosa mbao, akauchomoa, akaendelea na safari.

Mwalimu mkuu bado hajajua. Yule mbishi ameniuliza kama ile rangi ya kucha bado ninayo.